Mafua Yako na Kifua cha Nyanya



Ndugu yangu kijana, leo tuongee kuhusu mafua. Najua utacheka. Kwako mafua ni siku tatu na chai ya tangawizi, basi. Lakini nyumbani yuko nyanya wa miaka 70 mwenye sukari, ama jirani anayetibiwa saratani, ama ndugu mwenye Ukimwi ambaye kinga yake bado haijarudi. Kirusi kile kile kilichokupigisha chafya, kwao kinaweza kushuka mapafuni kikaleta nimonia.

Tuliliona hili mwaka 2020. Korona ilitangazwa Kenya tarehe 13 Machi, na tarehe 6 Mei, tukiwa ndani ya Ramadhan, Eastleigh ikafungwa: hakuna kuingia wala kutoka. Waliozidiwa zaidi ni wazee na wenye maradhi ya muda mrefu. Korona tumeisahau, lakini bado iko, pamoja na influenza na kirusi cha RSV, ambacho wengi hudhani ni cha watoto wachanga peke yao.

Sasa fikiria nyumba zetu za Majengo: chumba kimoja, pazia katikati. Unatoka tarawehe ukikohoa, kisha unakaa kwa sinia moja na nyanya. Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu kukaribia msikiti, na hiyo ni harufu tu! Basi swali nyumbani hadi upone. Tarawehe ni sunna, kumdhuru mzee si sunna. Mpakulie chakula chake kando, fungua dirisha hata kukiwa na baridi, na uvae barakoa ukimhudumia.

Mzee huenda asipate homa. Utaona tu amekataa daku, maneno yake hayaeleweki, anahema haraka haraka. Usikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki, kwani haziui virusi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na akishikilia kufunga (wazee wetu ni wabishi, mwajua), mkumbushe aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara. Mgonjwa atalipa siku nyingine. Asiyetarajiwa kupona atalisha maskini mmoja kwa kila siku. Ukiona hakusikii, muombe imamu apite nyumbani baada ya alasiri. Yeye atamsikia.

Wabillahi tawfiq.