Tunapomtafuta jaji, tuulize nini?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya watu tunaowakabidhi mashamba yetu, watoto wetu na hata uhuru wetu. Nao ni majaji.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema anayetaka kuwa jaji wa Mahakama Kuu awe na shahada ya sheria na uzoefu wa miaka 10 au zaidi, akiwa hakimu, wakili au msomi wa sheria mwenye sifa. Kwa Mahakama ya Juu ni miaka 15. Tena awe mwadilifu, asiyependelea upande. Maneno mazuri. Lakini mtu aweza kukaa ofisini miaka hiyo 10 akiandika mikataba ya viwanja, wala asijue shahidi mwongo anafananaje.

Mimi nilitoa ushahidi katika kesi ya shamba la ukoo wetu. Kesi ilisikilizwa ikakwisha. Kanuni zataka hukumu itolewe katika siku 60. Sisi tulirudi mara tano, na kila tukifika karani alitoka akatusomea tarehe nyingine. Shangazi yangu, aliyefungua kesi, alikuwa akiondoka kijijini usiku wa manane kwa nauli ya kukopa. Hukumu ilipotoka, alikuwa amekwisha kuzikwa. Alishinda.

Jaji yule alisifika kwa Kiingereza chake. Sijui kama kuna aliyewahi kumwuliza huchukua muda gani kuandika hukumu.

Tangu mahojiano ya majaji yaanze kufanywa hadharani mwaka 2011, nimeyafuata kwa makini. Mwaka huo Dakta Willy Mutunga aliulizwa hata habari ya herini yake. Jamani, herini haicheleweshi hukumu!

Ningekuwa mimi, ningemwambia mwombaji aje na hukumu zake 20 za mwisho, kila moja na siku kesi ilipokwisha na siku alipoisoma. Ngapi zilitenguliwa kwenye rufani, na kwa kosa gani? Kama ni wakili, amewahi kumtetea asiye na pesa? Nami ningempa uzito aliyekuwa hakimu mahali kama Lodwar au Garissa, akasikiliza watu kupitia mkalimani. Huyo amejifunza kwamba mtu kunyamaza si kukiri.

Tume ya Huduma za Mahakama ina wajumbe 11, na wawili kati yao huwakilisha umma. Hao ndio ningependa waulize maswali ya namna hii, kwa maana jaji huweza kukaa kitini hadi umri wa miaka 70. Akiteuliwa ana 45, tutakuwa naye miaka 25.

Majina ya waombaji hutangazwa magazetini, na mwananchi huombwa apeleke maoni. Barua yangu nimekwisha kuianza. Tarehe zote za kesi ya shangazi nimeziandika.