Safari ya Namugongo: Picha Zisubiri

Kila Juni 3 mahujaji kutoka Kenya, Tanzania na kwingineko hukusanyika Namugongo, Uganda, walikochomwa moto mashahidi Wakristo Karoli Lwanga na wenzake mwaka 1886. Familia nyingi huenda kwa gari, zikivukia Busia, Malaba au Mutukula, na simu hazitulii njiani. Hoja yetu ni hii: picha za safari zisubiri mrudi nyumbani. Anayerusha picha akiwa mpakani huutangazia mtaa mzima kwamba nyumba haina mwenyewe. Na pasipoti ya mtoto iliyofunuliwa mbele ya kamera huonyesha jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba, mtaji tosha kwa tapeli.

Wapo watakaosema kushuhudia imani ni wajibu. Ni kweli, lakini ushuhuda hauchachi ukikaa wiki moja. Na jamaa wenye wasiwasi? Wapigieni simu, yatosha. Kinachofaa kusambazwa mapema ni taarifa: cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huenda mkaulizwa mpakani, huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kisha hudumu maisha yote. Basi kachanjweni mapema, kabla ya kufunga mizigo.