Mutoto wa mikono mingi



Tuliporudi Fizi toka kambi za Tanzania, tulikuja na watoto waliolelewa na shangazi, dada mukubwa, hata mama jirani. Wakati wa kuwaandikisha, tuliulizwa: "Huyu, mama yake ni nani?" Mutoto akaonyesha wamama watatu. Watu wakacheka, sisi tukasikia haya.

Sasa vijana wetu wanaosoma saikolojia kule chuo kikuu wametueleza kitu. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani vilianzia kwa mama mumoja na mutoto wake. Lakini miaka ya 1980, Edward Tronick, Gilda Morelli na wenzao walichunguza Waefe wa pori la Ituri, hapa kwetu Congo. Kule mutoto muchanga anapita mikono mingi, hata wamama wengine wanamunyonyesha. Kwao ni malezi ya kawaida.

Basi tusisikie haya tena. Na tuchange minervali ya vijana hawa, juu kesho ndio watakaowafundisha walimu na wauguzi wa watoto wetu.