Selimundu na Uharibifu wa Nyonga: Yaliyobainishwa na Utafiti Kabla na Baada ya Upasuaji

Selimundu ni ugonjwa wa damu unaompata mtoto aliyerithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia, na chanzo chake ni badiliko dogo mno katika himoglobini, yaani protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu ambayo kazi yake ni kusafirisha oksijeni. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walithibitisha kwamba himoglobini ya wagonjwa hao si sawa na ya watu wengine, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akabainisha kuwa tofauti yote imo katika asidi ya amino moja. Himoglobini hiyo inapopungukiwa oksijeni hushikamana na kufanya nyuzi, chembe ikapinda kama mundu, ikakakamaa na kuziba mishipa myembamba. Inakadiriwa kwamba Tanzania pekee watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na kadiri matunzo ya utotoni yanavyoboreka ndivyo wengi zaidi wanavyofikia utu uzima, umri ambao madhara ya nyonga hudhihirika.

Kichwa cha mfupa wa paja, ile sehemu ya mviringo inayozunguka ndani ya kikombe cha nyonga, hulishwa na mishipa michache isiyo na njia mbadala za kutosha, hivyo mishipa hiyo ikiziba mfupa hufa huku mwenyewe akiendelea kutembea, hadi siku tabaka lililo chini ya gegedu linapobomoka na mguu kuanza kuchechemea. Maumivu huwa kwenye kinena, lakini mara nyingine hushuka hadi gotini, na hapo goti zima hupigwa eksirei bila faida. Hata eksirei ya nyonga yenyewe huweza kuonekana safi katika hatua za mwanzo, ilhali kipimo cha MRI huwa kimekwisha kuonyesha mfupa uliokufa.

Utafiti mkubwa wa Milner na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1991 na kuhusisha wagonjwa 2,590, ulikuta tatizo hili kwa takribani mmoja kati ya kila kumi. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni wale waliorithi pia alfa-thalasemia, kasoro nyingine ya himoglobini ambayo ni ya kawaida sana katika pwani ya Kenya. Watu hao huwa na upungufu mdogo wa damu, na damu yao ni nzito zaidi. Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba mgonjwa mwenye kiwango kizuri cha damu hana haja ya kuchunguzwa nyonga.

Kuhusu tiba ya mapema, ushahidi unadai unyenyekevu. Neumayr na wenzake, mwaka 2006, walilinganisha mazoezi ya viungo peke yake na mazoezi yaliyoambatana na upasuaji wa kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo ndani yake, na baada ya wastani wa miaka mitatu hawakuona tofauti ya maana. Mfupa ukishabomoka, hubaki kubadilisha nyonga, upasuaji ulioenea tangu John Charnley alipoukamilisha nchini Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa mgonjwa wa selimundu kazi hiyo ni ngumu zaidi, kwa kuwa mfereji wa uboho huwa umezibwa na mfupa mgumu unaoweza kumfanya daktari atoboe pembeni, na hatari ya maambukizi ni kubwa kuliko kwa wengine.

Ndiyo maana maandalizi ya damu yana uzito sawa na ustadi wa mkono. Vichinsky na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba kuongeza damu kwa kiasi hadi himoglobini ifikie gramu 10 kwa desilita kunatosha, na jaribio la TAPS la mwaka 2013 likakuta matatizo kwa asilimia 39 ya waliopasuliwa bila kuongezewa damu, dhidi ya asilimia 15 ya walioongezewa. Maji ya kutosha, joto mwilini na oksijeni ni masharti yasiyoachwa hata saa moja.

Mazingira ya nyumbani nayo yamo katika matibabu. Kuchuchumaa chooni au kuketi chini mkekani hukunja nyonga kupita kiasi na huweza kuitegua nyonga bandia, hasa miezi ya mwanzo, na mgonjwa kijana anayeambiwa hayo siku ya kuruhusiwa ameambiwa kwa kuchelewa.

Kliniki za selimundu zinaombwa, basi, zimlaze chali kila mgonjwa kuanzia umri wa ujana, zikunje goti lake na kuuzungusha mguu taratibu, na atakayeumia kinena apelekwe kwa daktari wa mifupa wiki hiyo hiyo, angali anatembea.