Kwa Nini Kasi ya Intaneti Hupanda na Kushuka



Matangazo mengi ya intaneti huahidi kasi ya “hadi” kiasi fulani. Neno hilo dogo ndilo linalopasa kusomwa kwa makini kabla ya kulipa.

Mnara wa simu hauwapelekei watu wote data kwa namna moja. Simu yako hupima mawimbi yanayoifikia na kuuarifu mnara, tena mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mawimbi yakiwa safi, mnara wa 4G hupakia biti 6 katika kila alama ya wimbi, na mitambo ya kisasa zaidi hupakia 8. Yakififia, hushuka hadi 4, kisha 2. Ndivyo tunavyozungumza: aliye karibu tunamsemesha haraka, aliye ng’ambo ya bonde tunamwita neno moja moja. Kushuka huko si hila, bali ndiko kunakozuia mawasiliano yasikatike.

Antena nazo husaidia. Mnara na simu zikiwa na antena 2 kila upande, mikondo 2 ya data yaweza kupita kwa wakati mmoja katika masafa yale yale. Hali ikiharibika, antena zote hubeba ujumbe mmoja ili ufike salama. Katika 4G, masafa ya upana wa megahezi 20, antena 2 na biti 6 huleta takriban megabiti 150 kwa sekunde. Hicho ni kilele, nacho hugawanywa baina ya wote wanaohudumiwa kwa masafa hayo.

Basi tufanyeje? Kwanza, kabla ya kununua ruta au kifurushi cha gharama, jaribu mtandao huo mahali utakapoutumia, mchana na usiku. Pili, weka ruta karibu na dirisha linaloelekea mnara, mbali na bati na kuta nene. Biti 2 zikiwa 6, kasi yaweza kuongezeka mara tatu bila gharama ya ziada. Tatu, andika tarehe, saa na kasi uliyopima. Ikiwa mawimbi ni mazuri lakini kasi ni duni kila jioni, huenda mnara umelemewa, wala kosa si la nyumba yako. Peleka lalamiko kwa mtoa huduma kwanza. Usiporidhika, lifikishe kwa mamlaka ya mawasiliano pamoja na kumbukumbu zako.