Maneno ya Katibu kwenye kikao cha tawi: Tujiandae majumbani



Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Ilianza kurudi Novemba 3. Hali hiyo ikijirudia, ujumbe kama huu hautakufikia. Tupange leo.

Songea mahindi tunayo, lakini mashine inataka umeme. Saga mapema unga wa wiki mbili. Weka fedha taslimu kidogo, maji, dawa za mgonjwa wa nyumbani, na namba za simu kwenye karatasi. Watoto wajue nani atawafuata shuleni.

Vurugu zikianza, tubaki ndani, tusifuate mkumbo. Jirani mzee asiye na mtu tumgongee mlango mapema, bila kumuuliza chama chake.