KONGOSHO: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO



Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwa kawaida msemo huo hutumiwa kuhusu wanadamu na hila zao. Lakini upo ugonjwa mmoja ambao kwake msemo huo si fumbo bali ni maelezo halisi. Ugonjwa huo ni uvimbe wa kongosho, yaani hali ambayo kiungo kilichoumbwa kumeng'enya chakula huanza kujimeng'enya chenyewe.

Kongosho ni tezi yenye urefu wa sentimita 15 hivi, iliyolala nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo. Kazi zake ni mbili. Kwanza, hutoa maji yenye vimeng'enya ambayo hupita katika mfereji mwembamba hadi utumboni, na huko huvunjavunja mafuta, protini na wanga. Pili, huingiza katika damu insulini, ambayo huongoza matumizi ya sukari mwilini. Mtu akiwa na afya njema, vimeng'enya vikali zaidi hutoka katika tezi vikiwa kana kwamba vimelala, navyo huamka vifikapo utumboni. Ugonjwa huanza pale vinapoamka kabla ya wakati, vikiwa bado ndani ya tezi. Hapo tezi huvimba, na katika hali mbaya sehemu yake hufa. Uvimbe huu si saratani.

Maelezo kamili ya kwanza ya ugonjwa huu wa ghafla yalitolewa huko Boston mwaka 1889 na Daktari Reginald Fitz. Mwaka 1896 Daktari Hans Chiari, aliyekuwa akifanya kazi mjini Prague, alieleza kwamba tezi hiyo hujila yenyewe.

UGONJWA SI WA NADRA

Wengi hudhani kwamba haya ni maradhi ya watu wachache wa nchi za mbali. Dhana hiyo si sahihi. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 2.8 ulimwenguni walishikwa na uvimbe wa ghafla wa kongosho, na zaidi ya 100,000 walifariki kwa maradhi ya tezi hii. Kwa wastani, kila mwaka hushikwa watu 30 hadi 40 katika kila watu 100,000. Kwa kiwango hicho, wilaya yenye watu 300,000 ingekuwa na wagonjwa wapatao 100 kwa mwaka.

Ni kweli kwamba viwango hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Hata hivyo yafaa ikumbukwe kwamba ugonjwa huhesabiwa pale tu unapopimwa. Mahali pasipo kipimo cha damu wala picha, mgonjwa wa kongosho huandikwa kuwa na vidonda vya tumbo, malaria au chango, na akifa huzikwa na jina hilo la uongo.

Katika Afrika ya Mashariki habari hizi si ngeni. Mwaka 1960 Daktari A. G. Shaper, aliyekuwa Kampala, alichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa kongosho sugu na uhusiano wake na upungufu wa protini. Baadaye aina hiyo ya ugonjwa, ambayo katika nchi za joto huwapata hata vijana wasioonja pombe, ilichunguzwa sana katika jimbo la Kerala, India. Kwa muda muhogo ulishukiwa, lakini uchunguzi uliofuata haukuthibitisha shutuma hiyo, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imefahamika kwamba kasoro fulani za kurithi zina sehemu kubwa katika jambo hili.

SI WALEVI PEKE YAO

Hapa ndipo penye dhuluma inayofanywa kila siku. Mtu akisikika kuwa anaumwa kongosho, majirani na wafanyakazi wenzake husema mara moja kwamba amelipwa kwa ulevi wake. Hapana shaka kwamba pombe nyingi inywewayo kwa miaka ni chanzo kikubwa, iwe bia ya chupa au gongo, na tumbaku huongeza madhara yake. Lakini katika nchi nyingi chanzo kinachoongoza ni mawe ya nyongo. Jiwe dogo hutoka katika kifuko cha nyongo, likakwama pale mfereji wa nyongo unapokutana na ule wa kongosho, na maji ya tezi yakakosa njia. Wanawake, ambao hupata mawe hayo zaidi kuliko wanaume, huugua bila kuonja hata tone la pombe. Aidha, mafuta yaliyozidi mno katika damu, baadhi ya dawa, matubwitubwi, na hata minyoo ya mchango iingiapo katika mifereji hiyo, huweza kuleta ugonjwa huu.

Ubaya wa hukumu ya majirani ni kwamba huua. Anayeogopa kuitwa mlevi huficha maumivu, hununua vidonge vya vidonda vya tumbo dukani, na hufika hospitali siku ya tatu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

DALILI NA TIBA

Maumivu ya kongosho hushika ghafla sehemu ya juu ya tumbo, huwa makali na ya mfululizo, na mara nyingi hupenya hadi mgongoni. Mgonjwa hutapika lakini hapati nafuu. Akiinama mbele huenda akapata ahueni kidogo. Zikiongezeka homa, mapigo ya moyo ya kasi, kuhema au mkojo kupungua, basi hatari ni kubwa.

Hospitali hupima vimeng'enya katika damu, na picha ya ultrasaundi husaidia kutafuta mawe ya nyongo. Hakuna dawa moja ya kuuzima ugonjwa. Tiba ni maji ya mshipani kwa kiasi, dawa za kutuliza maumivu na uangalizi wa karibu. Zamani mgonjwa alinyimwa chakula kwa siku nyingi. Sasa imethibitika kwamba ni bora aanze kula mapema awezapo. Wagonjwa wapatao wanne kati ya watano hupona katika siku chache. Yule wa tano huweza kushindwa kupumua au figo zikasimama, na ndiye anayepotea iwapo amecheleweshwa. Mwenye mawe ya nyongo sharti atolewe kifuko cha nyongo, ama sivyo ugonjwa hurudi.

Uvimbe ukirudi tena na tena huwa sugu. Choo huwa cha mafuta, mwili hukonda, na tezi ikikosa insulini kisukari huingia.

WAJIBU WA WALIOSOMA

Mwalimu wa baiolojia anayefundisha kongosho kama mchoro wa kukariri kwa ajili ya mtihani ametimiza nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kumwezesha kijana kutambua, usiku mama yake anapojikunja kwa maumivu, kwamba hiyo si saa ya kusubiri asubuhi. Mkuu wa ofisi naye, aonapo mtumishi anakonda na kuombaomba ruhusa, ampe nafasi ya kupimwa kabla ya kumwandikia barua ya onyo. Na kwa yule ambaye tayari amewahi kuugua, kuacha pombe na sigara si suala la heshima mbele ya watu, ni tiba.

Ujinga na maradhi vimehesabiwa siku zote kuwa maadui wa taifa. Katika ugonjwa huu maadui hao wawili hufanya kazi pamoja, na aliyesoma ana uwezo wa kuwatenganisha.